SAFARI YA GHAFLA NA SAFARI YA KUGHAFILIKA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akaipasua njia, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Imekuwa dasturi katika zama hizi, khasa katika miezi ya kipupwe, wakati kusi inapovuma na njia za bara zimekauka, watu wa mwambao kuondoka siku ya Ijumaa kwenda kuitazama nyika na wanyama wake, kisha wakarejea Jumapili usiku. Na wengi wao hawaondoki kwa shauri la siku nyingi. Hukaa barazani baada ya sala, mmoja akatamka neno, mwingine akaitikia, na kabla ya kahawa kupoa gari limekwisha kuwashwa. Basi limezuka suali katika mji wa Bagamoyo: je, safari ya namna hii, isiyo ya hija wala ya elimu wala ya biashara, tena iliyozuka ghafla, ni jambo jema, au ni upuuzi wa kupoteza mali na wakati?

Wako wazee waliolijibu suali hili upesi wakasema: ni upuuzi, kwani haraka haraka haina baraka. Na wako vijana waliojibu upesi vile vile wakasema: ni halali, kwani hapana aya iliyokataza. Na majibu yote mawili yamepungukiwa, kwa sababu kila upande umeitazama safari yenyewe, wala haukumtazama msafiri na alichokiacha nyuma.

Na hapana budi kwanza kulitazama neno lenyewe. Neno "ghafla" limetoka katika lugha ya Kiarabu. Kwa watu wa pwani maana yake ni jambo lijalo bila ya kutazamiwa. Walakini kwa Waarabu asili ya neno hilo ni kughafilika, yaani moyo kusahau lile uliopasiwa kulikumbuka. Hizi ni maana mbili, wala si moja. Yawezekana safari ikawa ya ghafla kwa maana ya Kiswahili, na msafiri asiwe ameghafilika hata kidogo. Na yawezekana mtu akaipanga safari yake mwaka mzima, akaandika kila kituo na kila gharama, naye ameghafilika tangu siku ya kwanza hata ya mwisho. Sharia haikumwuliza msafiri alikaa siku ngapi akishauriana. Imemwuliza mambo mawili: wapi unakwenda, na nani uliyemwacha nyuma na haki yake mikononi mwako?

Ama suali la kwanza, wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamelieleza katika mlango wa sala ya msafiri. Wamesema kwamba mwenye kupunguza sala ni yule anayekusudia mahali maalumu, na masafa yake ni marhala mbili, ambazo kwa hisabu ya leo ni kilomita themanini na kitu. Ama mwenye kutangatanga, asiyejua aendako, huyo hapunguzi hata akiizunguka dunia nzima. Itazame hekima iliyomo humo, ewe msomaji. Mtu huyo amechoka kama wengine, na jua limempiga kama wengine, lakini hakupewa tahafifu ya msafiri kwa sababu hana aendako. Tena wakataka safari iwe na lengo lililo sahihi, na wako waliosema kwamba kuona miji tu, pasipo na faida nyingine, si lengo. Lakini kwenda kuzingatia alivyoumba Mola ni lengo, nalo ni katika bora ya malengo, kwani katika Suratul Ankabut waja wameamrishwa waende katika ardhi watazame vipi uumbaji ulivyoanza, na katika Suratul Ghashiya wameulizwa kwa nini hawamtazami ngamia alivyoumbwa.

Ama suali la pili ndilo zito, na kwa ajili yake yafaa upigwe mfano.

Na wafikiriwe watu wanne wa Bagamoyo, wamekaa baraza ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa katika mwezi wa Julai. Wa kwanza ana gari. Wa pili ni mwalimu wa chuo. Wa tatu ni fundi wa mashua. Wa nne ni mtu wa kazi za mji, ambaye miezi mitatu iliyopita alichukua mabati dukani kwa mkopo, na ahadi ya kulipa imekwisha kupita, na fedha za kulipia anazo mfukoni siku hiyo hiyo. Mwenye gari akasema: "Jamaa, njia ya Makurunge imekauka. Twendeni Saadani tulale, kesho tupande mpaka Same tuione nyika ya Mkomazi, Jumapili turudi." Wote wakaitikia.

Neno limezuka ghafla, hilo ni kweli. Lakini lengo limejulikana, na safari imepita kilomita mia tatu kwa njia ya kwenda peke yake. Na Ijumaa wamekwisha kuisali, kwani aliyepasiwa na Ijumaa hana ruhusa ya kuondoka baada ya alfajiri ya siku hiyo akaiacha, ila akiwa ataipata njiani au atadhurika kwa kuachwa na wenziwe. Mpaka hapa hapana lawama.

Wakapeana saa moja ya kujitayarisha, na saa hiyo moja ndiyo iliyowapambanua.

Mwenye gari alikwenda kwa mama yake, ajuza asiyetoka nje. Akamwambia: "Shikamoo mama. Nataka kusafiri siku mbili, nimekuja kutaka ruhusa." Akasema: "Marahaba, baba. Na dawa yangu ya usiku nani atanipa?" Akamwita dada yake, akamkabidhi dawa na fedha ya matumizi mbele ya mama yao, ndipo akapewa dua. Mwalimu alimwita mwanafunzi wake mkubwa, akamwonyesha kila mtoto amefika wapi katika juzuu yake, ili Jumamosi chuo kisifungwe. Imamu Ghazali, katika kitabu cha adabu za safari kilichomo ndani ya Ihya, ametanguliza mambo haya kabla ya kutaja njia wala chakula: kurudisha dhuluma, kulipa madeni, kuwawekea matumizi watu ambao nafaka yao ni juu ya msafiri, na kurudisha amana kwa wenyewe.

Fundi alikuwa na mashua ya nahodha mmoja, imepandishwa pwani juu ya magogo, na kalafati haijakwisha. Ujira amekwisha kupokea nusu. Akamwendea nahodha akasema: "Shikamoo, nahodha. Jamaa wananichukua bara. Nipe ruhusa mashua ingoje hata Jumatatu." Nahodha akajibu: "Marahaba, fundi. Ruhusa yangu nakupa, ila maji hayatakupa ruhusa. Bamvua ni alfajiri ya kesho. Likipita hili, mashua itakaa mchangani nusu mwezi, na mabaharia wangu watano watakaa nayo." Fundi akasimama kitambo. Kisha akarudi barazani akawaaga wenziwe, akachukua patasi na pamba na mafuta yake akashuka pwani, akafanya kazi kwa taa mpaka usiku wa manane. Asubuhi mashua ikaelea. Huyu hakuiona nyika wala choroa wala ndovu. Lakini ajuaye maana ya ahadi atasema kwamba aliusafiri usiku ule mwendo mrefu kuliko waliopanda gari.

Wa nne naye alikwenda nyumbani kuchukua nguo. Njia yake ya kila siku hupita mbele ya duka lile. Siku hiyo alipita uchochoro wa nyuma.

Hapana jambo linalomfunulia mtu hali yake kama kule kuchagua njia asiyotaka kuonekana. Kwa nafsi yake alisema: "Deni ni la miezi, safari ni ya siku mbili. Nitapunguza kidogo katika fedha hizi, na nikirudi nitajaza." Na maneno hayo hayakosi sura ya ukweli, kwani huenda mwenye duka angempa muhula kama angeombwa. Lakini hakuombwa. Na wanavyuoni wa madhehebu wamesema wazi kwamba mwenye deni lililofika wakati wake, naye ana uwezo wa kulipa, hana ruhusa ya kusafiri illa kwa idhini ya mwenye kumdai au kwa kumweka wakili wa kulipa. Akiondoka pasipo hayo, safari yake ni ya maasi, na mwenye maasi kwa safari yake hapati tahafifu ya msafiri: hapunguzi sala wala hakusanyi. Na khabari ya maiti aliyeletwa mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, naye ana deni la dinari, akakataa kumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake, ni mashuhuri, wala haikuelezwa kwamba deni lile lilikuwa kubwa.

Wakaondoka watatu. Wakauvuka mto wa Wami, ambao ndani yake mna viboko na mamba. Ilipowadia alasiri wakashuka, mwalimu akawasalisha rakaa mbili akatoa salamu. Mwenye gari akatoa salamu naye. Yule wa nne akainuka, akatimiza rakaa nne peke yake. Mwenye gari akamwuliza: "Mbona umetimiza, bwana?" Akajibu: "Nimefanya ihtiyati." Mwalimu akanyamaza, wala hakumtazama usoni. Huyu alikuwa amesoma kitabu utotoni, na yale aliyoyasoma yalimfuata mpaka porini.

Wakafika Saadani. Mji huo ulikuwa bandari yenye jina, na mkuu wake Bwana Heri bin Juma alipigana na Wadachi katika vita vya pwani vilivyoanza mwaka 1888. Leo ni kijiji, na ardhi iliyokizunguka imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na ndiyo hifadhi ambayo nyika na bahari hukutana humo. Katika pwani yake, upande wa Madete, kasa hupanda usiku kutaga mayai, akayafukia mchangani kisha akarudi baharini, wala hayaoni makinda yake. Mwalimu akasema kwamba mnyama huyu ameachiliwa kuondoka kwa kuwa Mola ndiye aliyejidhamini kizazi chake, ama mwanadamu hakuachiliwa, yeye ataulizwa.

Jumamosi wakatoka kwa Mandera, wakashika njia kuu ya kaskazini, wakapita Segera na Korogwe. Njia za bara ni kongwe kwa watu wa Bagamoyo. Misafara ilitoka mji huo kwa miguu kwenda Tabora na Ujiji, mwendo wa miezi, na wengi walioshuka pwani walishuka na pembe mabegani na minyororo shingoni. Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa pwani kutoka Kongo akiwa mtoto katika utumwa, naye akawa mwanachuoni na mkubwa wa tarika ya Kadiria katika Bagamoyo, akafa mwaka 1931. Safari yake ilikuwa ya ghafla kuliko zote, kwani hakuulizwa kama ataka kwenda. Basi anayeipita nchi hiyo leo kwa matembezi, amekaa juu ya kiti, na akitaka kusimama husimama, ana neema juu ya shingo yake, na kila neema ina haki.

Magharibi ilipokaribia, kabla ya kufika Same, mpira wa gari ukapasuka katika mwendo wa kasi. Gari likayumba, likatoka njiani, likasimama ukingoni. Hakuumia mtu. Mwenye gari alipiga shahada kwa sauti, na mwalimu akapiga shahada. Yule wa nne naye alifungua kinywa, na jambo la kwanza lililomjia katika fikra halikuwa mke wala mtoto, bali daftari la duka, na jina lake limeandikwa humo kwa wino, na mbele ya jina hapana alama ya kulipwa.

Usiku huo wakalala Same, naye hakulala. Mtume, rehema na amani zimshukie, katika hadithi ya Ibn Umar ameeleza kwamba haimfalii Mwislamu mwenye kitu cha kuusia alale masiku mawili ila wasia wake umeandikwa uko kwake. Na masiku mawili ndiyo kadiri ya safari hii wanayoiita watu fupi. Kulipopambazuka Jumapili akampigia simu mwenye duka. Akasema: "Asalaam alaikum, bwana mkubwa. Niko Same. Fedha zako nilikuwa nazo Ijumaa, nikapita nyuma ili usinione. Nakuomba radhi, na nakuomba muhula mpaka kesho asubuhi." Yule akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Waalaikumu salaam. Nilikuona ulipopita. Muhula nimekupa, na safari yako nimeiridhia. Rudi salama."

Ndipo wakaingia Mkomazi. Hii ni nchi kavu, kwani milima ya Upare na Usambara huizuia mvua itokayo baharini. Ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, na ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008, zaidi ya kilomita za mraba elfu tatu, na mpaka wake umekutana na Tsavo ya Kenya. Mtazamaji asidhani kwamba ukimya wake wote ni wa asili, kwa maana mpaka mwaka 1988 walikuwamo wafugaji na ng'ombe wao, wakatolewa, na malalamiko yao yakafika mahakamani. Kuna swala twiga humo, asimamaye kwa miguu miwili ya nyuma ili ayafikie majani ya juu, naye hupata maji yake katika majani hayo, akaweza kukaa pasipo kunywa. Kuna choroa naye, astahimiliye kiu siku nyingi. Na faru weusi, ambao majangili walikuwa wamewamaliza, walianza kurudishwa mwaka 1997 kutoka Afrika ya Kusini. Mwalimu akawaonyesha wenziwe swala twiga akasema: "Huyu riziki yake haikumfuata, amesimama akaifikia. Na wala hakuchukua ila kiasi cha haja yake."

Ilipofika adhuhuri wakatayamamu, kwa kuwa maji waliyobaki nayo yalikuwa ya kunywa. Mwalimu akasalisha rakaa mbili akatoa salamu, na mara hii yule wa nne akatoa salamu pamoja naye. Na sharia imemkubalia hivyo, kwani wanavyuoni wamesema kwamba aliyesafiri kwa maasi kisha akatubu, safari yake huhisabiwa upya tangu pale alipotubu, na kutoka hapo mpaka Bagamoyo masafa yametimia na kuzidi. Mwenye gari hakuuliza neno. Mwalimu aliomba dua, akairefusha.

Basi jawabu la suali ni hili. Safari ya kuitazama nyika, hata ikizuka ghafla, si upuuzi, na kwa mwenye nia njema ni ibada, maadamu msafiri anajua aendako, na wenye haki zao wamepewa au wameridhia. Na ile haraka inayolaumiwa na wazee siyo ya kuwasha gari, bali ni ya kuziruka haki za watu. Fundi hakwenda, naye alikuwa mwenye akili timamu kuliko wote, kwa sababu alijua kwamba haki nyingine hazimalizwi kwa ruhusa ya mdomo. Mwenye gari na mwalimu walikwenda, nao walikuwa katika kheri, kwani saa moja iliwatosha kuzimaliza haki zilizo juu yao. Na iliwatosha saa moja kwa sababu hawakuwa wameziacha zirundikane. Yule wa nne hata siku saba zisingalimtosha, lau asingaliazimia kupita mbele ya duka.

Na humu ndimo linamotoka funzo ambalo si la safari ya gari peke yake. Ewe msomaji, iko safari ambayo kila mtu ataitwa ghafla, na hapana atakayepewa saa moja ya kujitayarisha. Basi mwenye kutaka kujijua hali yake na ajiulize barazani pale alipokaa: lau angeambiwa aondoke sasa hivi, ni mlango gani angeona haya kupita mbele yake? Aanze kwa mlango huo leo, kabla ya magharibi. Akisha kuumaliza, akipenda kwenda Saadani au Mkomazi, na aende na wenziwe, wamfanye mmoja wao kuwa mkubwa wa safari kama ilivyo sunna, watazame, washukuru, wala wasiendeshe kwa kasi usiku, kisha warudi kwa watu wao upesi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Na kwa Mwenyezi Mungu ndiko taufiki, na Yeye ndiye ajuaye zaidi.